Mosin-Nagant inayong'ang'ania ganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kusafisha na kung'arisha chemba na mtutu

Bunduki ya Mosin-Nagant ilipokelewa na jeshi la Urusi mwaka 1891, na toleo linaloonekana zaidi leo ni M91/30, lililotengenezwa Tula na Izhevsk. Nchini Marekani na Kanada, ambako zimeuzwa kwa wingi kama mali ya jeshi ya zamani, malalamiko ya wenye nazo ni yale yale: risasi tano za kwanza zinakwenda bila taabu, ikifika ya kumi na tano komeo haliinuki, na mtu anatafuta kipande cha ubao augonge mkono wa komeo. Ushauri wa haraka anaopewa ni kuing'arisha chemba. Ushauri huo mara nyingi unakuja mapema mno, kwa sababu chemba nyingi zinazodhaniwa kuwa na mikwaruzo ni chafu tu. Uchafu unatoka bila kugusa chuma. Chuma kikishaondoka hakirudi.

Maneno tunayotumia hapa: chemba ni sehemu ya nyuma ya mtutu inayokaa risasi. Ganda ni mfuko wa shaba au chuma unaobaki risasi ikishapigwa. Komeo ni ile bolti unayoivuta nyuma kwa mkono. Kikucha ni ulimi wa chuma kwenye kichwa cha komeo unaoshika ukingo wa ganda, na kirushio ni kipande kilicho ubavuni kushoto kinacholipiga ganda lirukie nje.

Nitajuaje kama tatizo ni ganda kung'oka au ganda kurushwa?

Angalia linakwama wapi. Komeo likikataa kuinuka, au likiinuka lakini halirudi nyuma, ganda halijang'oka chembani. Hapo chemba, ganda au komeo lina neno. Komeo likirudi nyuma vizuri na ganda likabaki limelala mdomoni mwa komeo au likarudishwa ndani, limeng'oka lakini halikurushwa. Kung'arisha chemba hakutasaidia chochote hapo. Safisha ufa wa kirushio upande wa kushoto, maana grisi ya zamani hujaa mle ikakizuia kisitoke vya kutosha, kisha vuta komeo kwa nguvu moja mpaka mwisho. Kirushio cha Mosin hakina nguvu yake chenyewe. Kinategemea kasi ya mkono wako, na anayevuta taratibu hulikuta ganda limeanguka juu ya magazini.

Yote yanayofuata ni kwa yule ambaye ganda lake halitaki kung'oka.

Kwa nini linakwama bunduki ikipata moto tu?

Risasi inapolipuka, ganda linafura na kujibana kwenye kuta za chemba, halafu shinikizo likishuka linanywea kidogo na kuachia. Shaba hunywea vizuri. Chuma laini hunywea kidogo kuliko shaba, ndiyo maana risasi za bei nafuu zenye maganda ya chuma ndizo zinazolalamikiwa. Sasa weka utando wa grisi ya kuhifadhia, ile Cosmoline iliyopakwa ghalani miaka mingi iliyopita. Chemba ikiwa baridi, utando ule ni mgumu na hausumbui sana. Ukipiga risasi kumi mfululizo unalainika, unanata, unashikana na masizi, na ganda linakaa kama limegundishwa.

Umbo la bunduki yenyewe linaongeza shida. Unapoinua mkono wa komeo, komeo zima hurudi nyuma kidogo sana kwa kuteleza kwenye mteremko uliokatwa kwenye mwili wa bunduki. Mwendo huo mdogo ndio unaolegeza ganda. Mkono wa M91/30 ni mfupi na umenyooka, kwa hiyo wenzo wake ni dhaifu. Ganda ambalo bunduki yenye mkono mrefu ingelitoa bila wewe kujua, Mosin inakuonyesha waziwazi.

Si kwamba ile vanishi ya maganda ya chuma ndiyo inayeyuka?

Hilo limerudiwa sana. Ganda hukaa chembani muda mfupi, na vanishi yake imekaushwa kwa moto kiwandani. Ukisugua chemba inayonata kwa kitambaa chenye kiyeyushio, kinachotoka kwa kawaida ni rangi ya kahawia ya grisi iliyoiva. Hata hivyo usiache risasi ya moto imekaa kwenye chemba iliyochemka huku unapiga soga. Hiyo ni hatari kwa sababu nyingine kabisa: baruti inaweza kujiwasha.

Nitatenganishaje kosa la komeo na kosa la chemba?

Hakikisha kwanza bunduki ni tupu. Fungua komeo, tazama magazini, tazama chembani kwa macho, kisha ingiza kidole. Risasi zote ziwe chumba kingine. Baada ya hapo fanya majaribio matatu:

1. Funga na fungua komeo bila kitu chembani. Mosin hukaza springi ya pini ya kufyatulia wakati wa kuinua mkono, kwa hiyo uzito kiasi ni wa kawaida. Ukiwa mzito mno hata bila risasi, endelea na jaribio la 2.
2. Toa pini na springi yake, rudisha komeo, uinue tena. Sasa mkono unapaswa kupanda kwa kidole kimoja. Kama ni mwepisi hivi, uzito ulikuwa kwenye mteremko wa kukazia springi: safisha na upake grisi kidogo. Kama bado ni mzito, tafuta uchafu au ukingo uliochongoka kwenye masikio mawili ya kichwa cha komeo na mahali yanapokaa.
3. Chukua ganda lililopigwa na bunduki hiyo hiyo, lisukume chembani kwa kidole, kisha elekeza mdomo wa mtutu juu. Likidondoka lenyewe, chemba haina ubaya mkubwa. Likikataa, lipake masizi ya mshumaa au wino wa maka peni, liingize tena na ulizungushe kidogo. Palipofutika ndipo linapogusa.

Ukirudisha pini, pima inavyochomoza mbele ya komeo kwa kile kifaa cha Mosin chenye pengo la 75 na 95. Pengo la 95 lipite juu ya ncha bila kugusa, la 75 liiguse. Hiyo ni karibu milimita 1.9 hadi 2.4. Ikichomoza zaidi, inaweza kutoboa fataki, kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti, na kukurudishia gesi usoni.

Maganda yaliyopigwa yananiambia nini?

Yanakuambia mengi, kwa hiyo usiyatupe. Yafute na uyatazame kwenye mwanga wa jua, ukiyazungusha polepole kati ya vidole.

Mikwaruzo mirefu kutoka shingoni kwenda kwenye ukingo inatokana na mchanga au uchafu mgumu. Mstari mmoja unaojirudia mahali pale pale kwenye kila ganda unatokana na ukingo mkali, mara nyingi mdomoni mwa chemba. Vidoto vilivyoinuka kama vipele ni alama za vishimo vya kutu: chuma cha ganda kilisukumwa ndani ya kishimo kikajichapa. Masizi meusi ubavuni yanaonyesha ganda halikujibana vizuri. Hayo si ya kushtua kwenye maganda ya chuma.

Alama moja ni ya kusimamisha kila kitu. Ni mviringo unaong'aa kulizunguka ganda, milimita chache juu ya ukingo. Hapo ganda linanyooka na liko njiani kukatika vipande viwili. Nyoosha waya mwembamba, kunja ncha yake, ipitishe ndani ya ganda. Ukihisi mfuo mahali palipo na ule mviringo, usipige tena mpaka fundi apime kwa geji nafasi ya komeo, yaani uwazi kati ya uso wa komeo na kitako cha ganda. Fanya hivyo pia kama fataki zimelainika bapa na komeo ni gumu hata kwa maganda ya shaba: hiyo ni dalili ya shinikizo kubwa.

Naondoaje Cosmoline ya zamani?

Kwa joto na subira. Inaanza kuyeyuka karibu nyuzi 45 hadi 52 za Selsiasi, kwa hiyo maji yanayochemka yanatosha. Toa chuma kwenye mbao, toa komeo, elekeza mtutu chini, na mimina lita 2 za maji yanayochemka kupitia faneli yenye bomba kutoka upande wa chemba. Vaa glavu, mtutu unaungua. Utaona utelezi wa kahawia ukitoka mdomoni.

Kisha ingiza brashi ya shaba iliyoloweshwa mafuta ya taa. Brashi ya bunduki ya marisau (shotgun) ya geji 20 inabana vizuri kwenye chemba hii, ambayo nyuma ina upana wa karibu milimita 12.4. Ifunge kwenye kipande kimoja cha mdeki (fimbo ya kusafishia mtutu), chenye urefu wa kupita nyuma ya bunduki, uzungushe kwa mkono mara 20 au 30, futa kwa kitambaa, rudia. Endelea mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, jambo linaloweza kuchukua raundi sita. Kazana pale kwenye bega la chemba, mahali inapoanza kupungua kuelekea shingoni, kwa sababu ndipo grisi inapojificha. Mulika kwa tochi ndogo. Kama bega lina rangi ya chai ya rangi, hujamaliza.

Wengi wanaishia hapa. Nenda kapige risasi 5 za shaba, kisha 15 za chuma mfululizo. Komeo likiinuka, tatizo limekwisha.

Nimesafisha kweli, bado linakwama. Nang'arishaje?

Nchini Kenya na Tanzania, peleka kazi hii kwa fundi mwenye leseni ya silaha. Kwingineko fuata sheria ya mahali ulipo.

Unahitaji drili ya kuchaji yenye kasi ya chini, kipande cha mdeki kisicho na kiungo katikati, brashi ya geji 20 iliyochakaa kidogo, stiliwaya laini kabisa ya namba 0000, dawa ya kung'arishia kama Flitz au J-B, utepe, kiyeyushio cha kusafishia breki, na vitambaa vingi.

Funga bunduki kwenye jiriwa yenye mbao au ngozi kwenye meno. Sukuma brashi kwa mkono mpaka iguse bega la chemba, kisha zungushia utepe kwenye mdeki palipo sawa na nyuma ya bunduki. Huo ndio mpaka wako. Mbele ya bega kuna shingo, na mbele ya shingo kuna mlango wa michirizi, ile mifuo ya ndani ya mtutu inayoizungusha risasi. Ukiung'arisha mlango huo unaupanua, na bunduki iliyokuwa inalenga inaanza kutawanya risasi.

Viringisha stiliwaya juu ya brashi kwa utando mwembamba. Isizidi ile inayokuwezesha kuiingiza kwa msukumo wa kidole gumba. Paka dawa kiasi cha punje ya maharage. Anza kuzungusha drili kabla ya kuingia, polepole, zamu 300 hadi 500 kwa dakika, na ukiwa ndani peleka mbele na nyuma bila kusimama mahali pamoja. Ukisimama unachimba mfuo. Zungusha kuelekea kulia peke yake: ukigeuza, hesi inajifungua na brashi inabaki ndani. Sekunde 30, toa huku drili bado inazunguka, simamisha, futa, tazama.

Rudia mara mbili, au mara tatu ukizidi sana. Jumla ya dakika moja na nusu za kuzungusha zinatosha kuondoa madoa na kukata makali ya vishimo. Baada ya hapo ondoa drili, funga kitambaa chenye dawa kwenye brashi, na usugue kwa mkono mbele na nyuma mara 15, bila kuzungusha. Hatua hii watu huiruka, na ni kosa. Drili huacha mistari midogo inayozunguka chemba, iliyo kinyume na njia ya ganda linapotoka. Mistari inayofuata njia ya ganda haina madhara makubwa.

Osha kila kitu kwa kiyeyushio cha breki, pamoja na magazini na mahali pa masikio ya komeo, kwa sababu dawa iliyobaki inaendelea kula chuma kila unapofunga. Kausha, kisha pitisha lile ganda lenye wino.

Vishimo vya kutu vitatoka?

Hapana. Kishimo chenye kina kikitolewa, chemba nzima inakuwa kubwa, na ganda litafura zaidi na kubana zaidi. Unachoondoa ni makali ya ukingo wake, ili chuma cha ganda kisinase.

Chemba ing'ae kama kioo?

Laini inatosha. Ganda linapojibana kwenye kuta linabeba sehemu ya nguvu ambayo vinginevyo ingeangukia uso wa komeo. Chemba iliyopakwa mafuta au inayoteleza mno huisukumia nguvu hiyo nyuma, kwenye masikio ya komeo. Kwa hiyo kabla ya kupiga, chemba iwe kavu. Paka mafuta wakati wa kuhifadhi tu, na uyafute kabla ya kwenda uwanjani. Kupaka mafuta risasi ili zitoke vizuri ni dawa inayoumiza bunduki.

Kung'arisha hakutaharibu nafasi ya komeo?

Kwa risasi ya Mosin, yaani 7.62x54R, si kirahisi. Ganda lake lina ukingo mpana uliochomoza, na ukingo huo ndio unaolisimamisha. Kusugua kuta za chemba hakubadilishi mahali ukingo unapokaa. Kwa ganda lisilo na ukingo wa namna hiyo, ambalo husimama kwa bega, kulisugua bega kunaongeza nafasi moja kwa moja. Ndiyo maana maelekezo ya Mosin hayahamishwi hivi hivi kwenda kwenye bunduki yoyote. Hata kwenye Mosin, usiguse ule mzingo ambao ukingo wa ganda unaegemea.

Msasa je? Na ile drili ndogo ya vichwa vya mawe?

Vichwa vya mawe visiingie kabisa chembani. Chemba ina mteremko mdogo kutoka nyuma kwenda begani, na jiwe la silinda halijui mteremko: linakula upande mmoja na kuacha chemba ya yai. Msasa wa 400 au 600 uliozungushiwa kijiti ni kazi ya fundi aliyekwisha kufanya nyingi, kwa kutu nzito tu. Kuna pia brashi za mipira midogo ya kusagia zilizotengenezwa kwa umbo la chemba. Hizo ni salama zaidi kuliko msasa, ila zinataka mafuta mengi na sekunde chache.

Na ndani ya mtutu? Kung'arisha huko kunasaidia ganda kutoka?

Hakusaidii. Ganda haligusi michirizi. Mtutu husafishwa kwa ajili ya ulengaji na kuzuia kutu.

Mtutu mweusi usikukatishe tamaa. Anza na kiyeyushio cha shaba chenye amonia, subiri kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, pitisha kitambaa. Kikitoka cha bluu au kijani, shaba ya vichwa vya risasi bado ipo. Kikishatoka bila rangi, paka J-B kwenye kitambaa kinachobana na upitishe mara 20 hadi 30 mtutu mzima. Ingia kutoka upande wa chemba, kwa mdeki mmoja mzima, kwa sababu komeo la Mosin linatoka kwa urahisi na hakuna haja ya kuingia mdomoni. Mitutu mingi ya zamani imelika mdomoni kwa mdeki wa chuma uliokuwa ukiegemea upande mmoja kila siku. Baadhi yake zilikatwa upya kwa ndani huko karakana za jeshi, sentimita kadhaa, ili michirizi mizima ianzie ndani zaidi. Hizo si mbovu.

Kupiga risasi zilizopakwa unga wa kusagia hatushauri kwa bunduki hii. Mitutu yake tayari inatofautiana kwa upana, na unga huo unakula zaidi mlango wa michirizi, pale pale palipochakaa.

Kwa nini kutu ilirudi baada ya wiki?

Risasi nyingi za jeshi za zamani zina fataki zinazoacha chumvi, ya jamii ile ya chumvi ya mezani, na chumvi hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta hayaiyeyushi. Maji yanaiyeyusha. Siku hiyo hiyo ya kupiga, mimina lita moja ya maji ya moto kutoka chembani, osha uso wa komeo na pini, kausha, kisha ndipo upake mafuta. Dawa ya vioo inayosifiwa inafanya kazi kwa sababu ya maji yaliyomo, si kwa amonia. Kwa mtu wa pwani, Mombasa au Tanga, kuchelewa usiku mmoja kunaonekana asubuhi.

Maelekezo haya yanafaa bunduki nyingine?

Lee-Enfield ya .303, ambayo Afrika Mashariki inafahamika sana, pia ina ganda la ukingo, kwa hiyo kanuni ni hizi. SKS nyingi na bunduki za jamii ya AK zina chemba iliyochovywa kromu. Usizing'arishe, utaitoboa kromu na kutu itaingia chini yake. Kromu hiyo ina sababu yake. M16 za mwanzo huko Vietnam hazikuwa nayo, chemba zikaliwa na kutu kwenye unyevu, na maganda yakakwama mikononi mwa askari vitani. Kuanzia 1967 chemba za M16A1 zilianza kuchovywa kromu.

Ganda limekwama sasa hivi. Nifanyeje?

Hakikisha kwanza ni ganda na si risasi nzima. Kama ulibonyeza triga haikulia, elekeza mtutu mahali salama, subiri angalau sekunde 60, na usiingize kitu chochote kutoka mdomoni. Risasi nzima iliyokwama ni kazi ya fundi.

Kama ni ganda tupu, acha mtutu upoe kabisa. Mara nyingi linaachia lenyewe. Likikataa, dondosha mafuta mepesi kulizunguka ukingo, subiri dakika 10, inua komeo kwa kiganja. Likiinuka bila kung'oa, ingiza fimbo ya shaba kutoka mdomoni mpaka iguse ndani ya ganda, na uigonge kwa nyundo ndogo huku komeo limerudi nyuma. Usikanyage mkono wa komeo kwa kiatu. Kikucha hupasuka, na ukingo wa ganda la chuma huchanika ukakuacha bila pa kushika.

Ni lini niache kung'arisha?

Ukifanya raundi tatu na ganda lenye wino bado linafutika mahali pale pale, chemba ina kishimo kirefu au imekatwa vibaya, na dawa haitaiponya. Bunduki hiyo itumie maganda ya shaba na upige polepole, au umpe fundi abadilishe mtutu.